Ukarabati wa Nyumba Vyuma Vikikaza: Usimalizie Kazi ya Mteja kwa Mtaji Wako

Vyuma vikikaza watu huahirisha kujenga, lakini choo kinachovuja hakiahirishwi. Kwa hiyo kazi za ukarabati zipo, Dar es Salaam na hata mikoani. Kinachoua biashara nyingi ni kazi iliyochukuliwa kwa bei ya kukisia, kisha ikamaliziwa kwa pesa ya mwenye kampuni. Kipindi hiki kimbilia kazi ndogo zinazoisha ndani ya wiki mbili: bafu, jiko, paa, rangi. Nyumba nzima ya miezi minne ina muda wa kutosha wa bei za vifaa kupanda na mteja kuishiwa.

Usitaje bei kwa simu. Nenda na futi kamba, tochi na bisibisi. Gonga vigae vya zamani. Vinavyolia kama debe tupu vimeachia. Choma lipu kwa bisibisi karibu na sakafu. Ikimeguka, au ukiona unga mweupe wa chumvi, ukuta unapanda unyevu, na rangi yoyote utakayopaka itatoka malengelenge. Tafuta kwanza chanzo, ambacho mara nyingi ni bomba linalovuja au udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu. Bandua lipu hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, acha ukuta ukauke, ndipo upige lipu mpya. Hiyo ni gharama ya mteja, na iandikwe kabla ya kuanza.

Chukua bafu la mita 1.8 kwa 2.4, vigae ukutani hadi mita 2.1. Mzunguko ni mita 8.4, hivyo kuta ni mita za mraba 17.64, toa mlango wa 0.8 kwa 2.1, zinabaki 15.96. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: 17.56. Boksi la vigae vya sentimita 30 kwa 60 lenye vipande 8 hufunika 1.44, kwa hiyo nunua maboksi 13. Hakikisha yote yana namba moja ya toleo, maana rangi hutofautiana, na ukirudi dukani wiki ijayo huenda usiipate ileile.

Sasa bei. Jumlisha vifaa, mafundi, saidia fundi na usafiri. Kisha weka gharama za ofisi, ambazo wengi huzisahau: tuseme stoo, simu na matengenezo ya pikipiki vinakula 600,000 kwa mwezi wa siku 20 za kazi. Hiyo ni 30,000 kila siku, na bafu la siku 10 linabeba 300,000. Mwisho ndiyo faida. Kazi ikigharimu 1,000,000 na wewe unataka faida ya asilimia 20 ya bei, gawanya kwa 0.8 upate 1,250,000. Ukiongeza asilimia 20 juu ya gharama unapata 1,200,000, na 50,000 yako imepotea kwa hesabu tu. Andika kwamba bei inadumu siku 14.

Mteja akiomba punguzo, punguza kazi: vigae viishie mita 1.5, au kabati lisubiri. Ukipunguza bei huku kazi ikibaki ileile, utalipia kwa kuokoteza fundi wa bei chee.

Pesa ya vifaa iingie yote kabla ya kununua, na risiti zitunzwe. Ufundi ulipwe kwa hatua: asilimia 30 kuanza, 30 mabomba na sakafu vikishapimwa, 30 vigae vikiisha, 10 siku saba baada ya kukabidhi. Hatua isipolipwa, simamisha kazi siku hiyohiyo, kwa adabu. Nyongeza yoyote mteja aithibitishe kwa ujumbe wa WhatsApp wenye bei; ile ya "fundi, hapo nawe weka tu soketi moja" ndiyo inayokula faida. Tena umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Usiruke vipimo. Jaza mabomba maji usiku kucha kabla ya kuyafukia. Paka sakafu dawa ya kuzuia maji mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatisha wa kwanza, ipande ukutani sentimita 30. Ziba tundu la maji machafu, jaza sakafu kina cha sentimita 2, acha saa 24. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita; ukipungua, maji yatatuama. Kubomoa vigae vilivyokwisha kukauka ili ufuate uvujaji mmoja kunaweza kumeza faida yote ya bafu hilo.

Ukikabidhi, mwachie mteja vigae vilivyobaki pamoja na namba ya toleo, na picha za mabomba zilizopigwa kabla ya kufukiwa. Siku akitaka kutoboa ukuta atakupigia wewe.