Kuziba vipara vya nyasi Columbus: subiri Agosti ifike katikati

Kila Aprili simu yangu hujaa picha za vipara. Theluji imeshayeyuka, nyasi za jirani zimeanza kunyanyuka, na wewe una madoa ya udongo mtupu kuanzia barazani hadi kwenye sanduku la barua. "Dada, njoo unipandie mbegu wikiendi hii." Nawajibu wote jibu moja: subiri Agosti. Wengine hununa, na wengine huenda kununua mbegu wenyewe. Hao ndio wanaonipigia tena Julai, mbegu iliota ikapendeza, kisha jua likaikausha.

Kazi yangu hapa Columbus, Ohio, Marekani, ni kukata na kutunza nyasi za watu, na wateja wangu wengi ni watu wetu: Wakenya, Wakongo, Watanzania wenzangu. Karibu wote tumekuja na ujuzi wa nyumbani, na kwenye jambo hili ujuzi huo unatupoteza. Kwetu Muheza ukitaka majani uani unaomba vipando kwa jirani, unachomeka mstari kwa mstari, mvua inamalizia. Ukoka unatambaa wenyewe na pengo linajifunga. Hivyo mtu akiona kipara huku Ohio anasema kitafunga tu. Inategemea ana nyasi gani.

Nyasi za huku ni za baridi. Hukua vizuri hewa ikiwa nyuzi 60 hadi 75 za Fahrenheit, yaani kama 15 hadi 24 za Selsiasi, na joto la Julai likipanda hulala. Utakutana zaidi na aina tatu. Bluugrasi ya Kentucky (ambayo asili yake ni ng'ambo, si Kentucky) ina mashina yanayotambaa chini ya udongo, kwa hiyo kipara cha ukubwa wa sahani kinaweza kujifunga. Feskyu ndefu na raigrasi hukaa shina moja moja na hazitambai vya kutosha. Pengo lake litabaki pengo hadi utie mbegu, au hadi magugu yalikalie. Kuzitambua, chuma jani uliangalie nchani: la bluugrasi limejikunja kama omo ya mtumbwi. La feskyu ni pana, limechongoka, na lina mishipa unayoihisi ukipitisha kidole.

Sasa, kabla ya kununua chochote, tafuta kilichoua. Hapa ndipo watu wanaruka, na ndipo pesa inapopotelea. Doa la duara lililokauka katikati na kuzungukwa na nyasi za kijani kibichi kupita kiasi ni mkojo wa mbwa. Ni naitrojeni na chumvi nyingi mahali pamoja, basi loweka hapo maji mengi siku kadhaa kabla ya kupanda. Mstari mtupu kando ya barabara au njia ya gari mara nyingi ni chumvi ya kuyeyushia barafu, na dawa yake ni hiyo hiyo, maji ya kuisukuma chini. Kipara kwenye njia ya mkato wanayopita watoto kwenda kupanda basi la shule ni udongo ulioshindiliwa. Chomeka bisibisi ndefu siku moja baada ya mvua. Ikigoma kuingia, mzizi nao utagoma. Na hapo, kusema kweli, ni heri utandike mawe ya kukanyagia, kwa sababu watoto hawatabadili njia.

Ukishika nyasi zilizokauka ukavuta na zikanyanyuka zote bila mizizi, fukua. Utaona funza weupe waliojikunja, wenye vichwa vya kahawia. Hao ni watoto wa mbawakawa, na huku mara nyingi ni mbawakawa wa Kijapani, mdudu aliyeonekana Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1916 huko New Jersey. Dalili nyingine ni uwanja kuchimbuliwa usiku: kicheche na rakuni wanawafuata funza hao. Wakizidi kama kumi katika futi moja ya mraba, washughulikie kwanza. Ukipanda juu yao unawapikia chakula kipya.

Kivuli kizito chini ya mti ni habari nyingine. Feskyu nyembamba, ambayo si ile ndefu, inavumilia kivuli kuliko zote, lakini ikiwa jua halifiki hapo hata saa tatu nne kwa siku, weka matandazo ya magome uachane na nyasi.

Kwa nini Agosti? Kuanzia katikati ya mwezi huo hadi mwisho wa Septemba udongo wa huku bado una joto la kiangazi, usiku umeanza kupoa, na magugu ya kiangazi yanaelekea kufa kwa baridi ya kwanza. Mbegu hutaka udongo wa nyuzi 50 hadi 65 za Fahrenheit. Aprili nayo unalipata joto hilo, lakini mche wa Aprili unakutana na Julai ukiwa na mizizi mifupi, tena umeota pamoja na magugu yote ya mwaka. Kuna jambo la pili la Aprili: wengi humwaga dawa ya kuzuia magugu yasiote. Dawa hiyo haichagui. Inazuia na mbegu uliyonunua, na inaweza kubaki kazini udongoni miezi mitatu au zaidi. Yule anayesema amemwaga mfuko mzima na halikuota hata jani, swali langu la kwanza kwake ni hilo. Mara nyingi dawa ilikuwa imechanganywa ndani ya mbolea na hakusoma mfuko.

Na mfuko wa mbegu nao usome. Sheria ya mbegu ya Marekani ya mwaka 1939 inataka lebo, na lebo inasema ukweli ambao picha ya mbele haisemi. Tazama asilimia ya kuota, tarehe ya kipimo, mbegu za magugu na "vitu visivyo hai". Ukiona visivyo hai ni karibu nusu ya mfuko, umenunua mbegu iliyopakwa ganda, yaani nusu ya uzito ni ganda. Si haramu, ila ipige hesabu. Na jihadhari na mfuko mkubwa wa bei rahisi ulioandikwa Kentucky 31. Ni feskyu imara ya malisho, iliyopatikana shambani Kentucky mwaka 1931 na kutolewa rasmi 1943. Kwenye uwanja mzima wa aina hiyo haina ubaya. Ukiziba nayo pengo katikati ya bluugrasi laini, utabaki na vishungi vinene vinavyoonekana toka barabarani. Linganisha mbegu na nyasi ulizo nazo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kata nyasi zinazozunguka kipara ziwe fupi, kama inchi mbili. Piga reki ya chuma kwa nguvu hadi uchafu na nyasi zilizokufa zitoke zote na udongo uonekane. Kisha uvunje kwa uma wa bustani, inchi mbili tatu kwenda chini. Udongo wa huku ni mfinyanzi, ukikauka ni tofali, kwa hiyo changanya mboji kiasi cha inchi moja. Sawazisha hadi ulingane na kando, kwa sababu shimo litatuama maji na kichuguu kitanyolewa na mashine.

Mbegu ya feskyu ni pauni 6 hadi 8 kwa futi 1,000 za mraba. Kipara cha futi 3 kwa 4 basi kinataka kama gramu 33 hadi 44 tu, na hapo ndipo mkono wa ukarimu unapoharibu. Zikibanana zinanyang'anyana maji, zinaingia ukungu, zinakufa pamoja. Lenga mbegu 10 hadi 15 kwenye inchi moja ya mraba. Bluugrasi ina mbegu ndogo sana, pauni 2 hadi 3 zinatosha eneo lile lile. Nyunyiza nusu ukienda upande mmoja na nusu ukikata njia hiyo. Geuza reki, buruta mgongo wake polepole ili mbegu zizame robo inchi, si zaidi. Halafu zikanyage. Ndiyo, kanyaga kwa miguu yako, kipara chote. Mbegu isiyogusana na udongo haioti, na hatua hii ya bure inafanya kazi kuliko dawa zote za dukani.

Funika kwa mabua makavu ya ngano, kidogo, udongo uendelee kuonekana katikati yake. Usinunue nyasi kavu za kulishia mifugo, zimejaa mbegu za magugu.

Maji: kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, udongo wa juu usikauke wala usitiririke. Mara ya mwisho iwe mchana, maana miche inayolala na maji huingia ukungu. Raigrasi huota ndani ya siku 5 hadi 10, feskyu 7 hadi 14, bluugrasi 14 hadi 28. Wenye bluugrasi wananipigia siku ya kumi wakiwa wamekata tamaa. Nawaambia waendelee na mpira wa maji. Zikishaota zote, punguza mara na uongeze kina, mizizi ishuke kutafuta.

Kata kwa mara ya kwanza zikifika inchi nne, udongo ukiwa mkavu na kisu kikiwa kikali, ukiacha inchi tatu. Dawa ya magugu isiguse hapo hadi umekata mara tatu au nne. Oktoba majani ya miti yataanguka na kuifunika miche kabisa. Yaondoe kwa reki laini ya plastiki au mashine ya kupeperusha majani, kila baada ya siku chache, usingoje Novemba.

Umechelewa, Septemba imepita? Mbegu ya Oktoba mwishoni huota kisha ikafa kwa barafu. Tayarisha udongo sasa, uache, na umwage mbegu kati ya Desemba na Februari ardhi ikiwa baridi kabisa. Udongo unaoganda na kuyeyuka utaimeza wenyewe, itaota majira ya machipuko. Ongeza mbegu kidogo kwa sababu nyingine zitaliwa na ndege, na hiyo Aprili usiweke dawa ya kuzuia magugu.