Kabla ya kukubali upasuaji wa konea kwa mwenye aniridia

Mtu aliyezaliwa na aniridia, yaani jicho lisilo na airisi (duara lenye rangi linalozunguka mboni) au lenye airisi pungufu, anaweza kukaa miaka mingi kabla konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, haijaanza kumsumbua. Macho huchomachoma na kukimbia mwanga kuliko zamani, kisha ukungu wenye mishipa midogo ya damu hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Chanzo chake kwa kawaida ni hitilafu ya jeni ya PAX6, ambayo pamoja na mengine hudhoofisha seli shina za ukingo wa konea, zile zinazozalisha tabaka jipya la juu kila linapochakaa.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kuhakikisha ni kwamba daktari amechunguza ukingo huo, wala hakuishia kwenye ukungu. Konea ya mtu mwingine ikipandikizwa peke yake mahali ambapo seli shina zimekwisha, ukungu hurudi juu yake, na hapo mgonjwa amepata jeraha jipya bila nafuu ya kudumu.

Ugonjwa ukiwa bado mwepesi, uliza kwanza kama matone yote yanayotumika, yakiwemo ya glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho), yanapatikana bila kihifadhi, kwa kuwa benzalkoniamu kloridi, kihifadhi cha kawaida cha matone, huumiza tabaka ambalo tayari ni dhaifu. Matone yanayotengenezwa kwa majimaji ya damu ya mgonjwa mwenyewe husaidia wengi, lakini yanadai friza ya kuaminika na usafi usiolegezwa, hivyo mipango ya kuyahifadhi ifanywe kabla damu haijatolewa.

Ikibidi kupandikiza seli shina, haziwezi kuchukuliwa kwenye jicho la pili, maana aniridia kwa kawaida hugusa macho yote mawili. Ndugu anayejitolea naye apimwe macho kwa makini, kwani mzazi mwenye hitilafu hii anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50, na dalili za mwingine huwa hafifu. Mpokeaji atahitaji dawa za kupunguza kinga ya mwili kwa muda mrefu. Figo, ini, shinikizo la damu na chanjo vikaguliwe mapema. Figo hasa, kwa sababu baadhi ya wenye aniridia wamepoteza pia jeni jirani ya WT1, na hao huwa katika hatari ya uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo, utotoni na figo kudhoofika baadaye.

Presha ya jicho isiachwe nyuma. Konea ya aniridia mara nyingi ni nene, na unene huo unaweza kukifanya kipimo kisome juu kuliko hali halisi. Anayefikiriwa kuwekewa konea bandia ajue kwamba baada ya hapo kipimo cha kawaida hakitatumika tena: daktari atabonyeza jicho taratibu kwa ncha za vidole juu ya kope ili kukadiria ugumu wake, ilhali glakoma yenyewe huweza kuongezeka. Mshipa wa fahamu wa jicho uchunguzwe na kupigwa picha mapema.

Mwisho, tafuta kumbukumbu za uoni wa mgonjwa kabla ukungu haujaanza. Kitovu cha retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayoona kwa undani, katika aniridia mara nyingi hakikukomaa tangu tumboni, na upasuaji wa konea hauwezi kukikomaza. Kiwango kile cha zamani ndicho familia na daktari wakizungumzie kabla ya fomu kusainiwa.