Kuazima, kusikia, sana na saa: Kiingereza kinapoligawa neno letu

Makosa mengi ya Kiingereza yanayosikika Mwanjelwa au stendi ya Iringa chanzo chake si uvivu. Neno moja la Kiswahili hufanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawia maneno mawili, na mwanafunzi amekariri moja tu. Kwa hiyo daftarini usiandike tafsiri. Andika neno la Kiswahili, kisha sentensi mbili kamili za Kiingereza.

Anza na kuazima. Kwetu "niazime jembe" na "nimeazima jembe" ni kitenzi kilekile. Kwa Kiingereza anayepokea ana "borrow", anayetoa ana "lend", ndiyo maana "Borrow me your pen" ni kosa. Sema "Lend me your pen" au "Can I borrow your pen?" Angalia kinachofuata: "lend" hukubali mtu papo hapo (lend me, lend her), lakini "borrow" hutaka kitu kwanza, na mwenyewe aje na "from": "I borrowed a hoe from my uncle." Ukisahau, kumbuka kukopa na kukopesha, "lend" ndiyo yenye -sha.

Kusikia kunasumbua zaidi. Sisi husikia sauti, baridi, njaa, hata harufu. "Hear" ni ya sauti tu. Asubuhi ya Julai kule Makete, "I hear cold" haieleweki. Sema "I'm cold", bila kitenzi cha kusikia kabisa. Njaa vilevile: "I'm hungry". Harufu ya chai ni "I can smell tea". Kusikiliza ni "listen to", na hiyo "to" isidondoke: "listen to the radio".

Kwenye "sana", chunga "too": maana yake ni kupita kiasi mpaka ikawa tatizo. Maua ya Kitulo ni "very beautiful". Lumbesa ya viazi inayomshinda mtu mmoja kuinua, hiyo ndiyo "too heavy".

Saa nazo zina gharama. Basi la saa 12 asubuhi ni "six", si "twelve". Mgeni uliyemwambia "twelve" atafika stendi ya Mbeya adhuhuri, basi limeshapita Makambako zamani. Saa 1 hadi 6 ongeza 6, saa 7 hadi 12 toa 6. Ukimtumia ujumbe, andika kwa tarakimu: 6:00 a.m.