Kununua Subaru, Altezza au MINI iliyotumika Nyanda za Juu Kusini: cha kukagua kabla ya kutoa hela

Kabla ya kubishana bei, jua gari litafanya kazi wapi. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,600, na Njombe inakaribia 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Ikifika Mbeya, hesabu 175. Toyota Mark II GX110 yenye injini ya 1G-FE, farasi 160, inabaki na kama 133. Ukiijaribu ukaiona nzito, usikimbilie kusema injini imekufa.

Turbo huziba pengo hilo, ndiyo maana Subaru ya turbo inapendwa sana huku. Ila inaliziba kwa kuzunguka kasi zaidi ya inavyozunguka pwani, na joto linaongezeka. Turbo iliyochoka itajificha Dar es Salaam lakini Mlima Kitonga utaiumbua. Ukaguzi wote ulio hapa chini umejengwa juu ya vitu viwili hivyo, hewa nyepesi na milima.

Anza na namba ya chasisi, si nembo

Nembo zinauzwa madukani. Herufi za mwanzo za chasisi haziuzwi. Kwenye Altezza, SXE10 ndiyo yenye injini ya 3S-GE, na GXE10 ina injini ya 1G-FE ya silinda sita, gari tulivu linalotunzika kirahisi lakini si la mbio. Kwenye Impreza ya mwaka 2000 hadi 2007, GDA ni WRX na GDB ni STI, ile yenye nguvu zaidi. Ukiambiwa "STI" halafu bamba linasoma GDA, bei ishuke palepale.

Mark II ndiyo yenye mtego mkubwa. JZX110 ya iR-V ina 1JZ-GTE ya turbo, farasi 280. JZX110 nyingine nyingi zina 1JZ-FSE, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Chasisi zinaanza kwa herufi zilezile, kwa hiyo fungua boneti usome jina la injini yenyewe. D-4 iache. Pampu yake ya presha ya juu ikifa ni ghali, valvu hujaa masizi, na mafundi wengi wataishia kukubadilishia injini nzima.

Forester SG5 nayo ina za turbo na zisizo na turbo, chasisi ileile. Boneti yenye pua (tundu la kuingizia hewa) haithibitishi kitu, kwani boneti hubadilishwa. Hakikisha kuna intakula (kipoza hewa ya turbo) juu ya injini, chini ya pua hiyo.

Fika asubuhi, injini ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Saa 12 au saa 1 asubuhi panafaa, hasa Juni na Julai ambapo Njombe na Makete hupiga baridi kali. Gusa injini kwa mkono; ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa. Rudi siku nyingine au achana nalo.

Likiwashwa, sikiliza. Subaru nyingi zenye injini ya EJ20 hutoa mlio mwepesi wa pistoni unaoisha ndani ya dakika chache, na huo si wa kukutisha. Mlio mzito unaotoka chini na kuongezeka ukigusa ekseleta ni injini inayogonga: bering za konrodi zimekwisha. Hapo hakuna bei ya kujadili, labda uwe unanunua bodi.

Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida ya huku, utapotea injini ikipata moto. Usipopotea, na ukawa na harufu tamutamu, kulanti inaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu upime hivi: acha injini iungurume dakika tano bila kukanyaga ekseleta, kisha kanyaga ekseleta ghafla. Wingu la bluu linamaanisha sili za valvu au sili za turbo. Chomoa pia bomba linaloingia kwenye turbo, ushike kile kifeni cha ndani. Kikicheza kidogo sana kushoto na kulia ni sawa. Kikigusa ukuta, au kikicheza mbele na nyuma, turbo imekwisha.

Kupima kompresheni, na kosa la kusoma kitabu

Usinunue gari la turbo bila kipimo hiki cha presha inayojengeka ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, petroli ikatwe, ekseleta ikanyagwe hadi mwisho, betri iwe nzima. Kitabu cha EJ205, yaani EJ20 ya turbo, kinataka bar 10 hadi 12 hivi. Takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Mbeya hewa inayoingia ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani, kwa hiyo bar 8 hadi 9.5 ni injini nzima. Fundi asiyelijua hilo atakwambia injini imechoka, na dalali mjanja anaweza kulitumia hilohilo kutetea injini iliyochoka kweli.

Namba ya kuangalia ni tofauti kati ya silinda. Silinda nne zikisoma 9, 9, 8.8 na 7.2, hiyo ya mwisho ina tatizo. Kwenye EJ20 ya turbo mara nyingi huwa silinda namba 4: pistoni huvunjika kingo zinazoshika ringi baada ya injini kuongezewa presha ya turbo bila kurekebishiwa petroli. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye oktani ya 98 hadi 100, kwa hiyo aliyeongeza presha akaendelea kujaza petroli ya kawaida alikuwa anaiua polepole. Ukiona eksozi ya bomba tupu, filta ya koni isiyo na boksi, na kidude cha kupandishia presha, uliza aliyelipanga ni nani na spea za awali ziko wapi. Filta ya koni, kwa vumbi jekundu la barabara za vijijini huku, ni msasa ndani ya silinda.

Joto: mfuniko wa rejeta ni muhimu kuliko unavyodhani

Kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Injini yenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95. Kinachozuia maji yasichemke ni presha iliyofungiwa na mfuniko wa rejeta, na ule wa bar 1.1 ukiwa mzima unasogeza kiwango hicho karibu na 118. Mpira wa mfuniko ukiwa umekakamaa, gari litachemsha kwenye mlima wa kwanza na utaambiwa ni gasketi. Nunua mfuniko mpya kabla ya kuhukumu.

Gasketi ya silinda hedi nayo ina dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye tanki la kulanti, au bomba la juu la rejeta kuwa gumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, jua mmiliki alikuwa akiongeza tu bila kutafuta yanakopotelea.

Barabarani

Kwanza uwanja tambarare, kabla ya lami. Kata usukani wote, tembea polepole ukizunguka duara. Subaru ikishtuka na kukaba kama inavutwa na breki, difu ya katikati au klachi ya kugawia nguvu nyuma imechoka. Kwenye otomatiki ya gia nne, weka fyuzi kwenye kishikizo kilichoandikwa FWD ndani ya boneti. Kukaba kukiisha, umeshajua tatizo liko nyuma ya giaboksi. Kabla ya yote hayo angalia tairi. Zote nne lazima ziwe saizi moja na zimelika sawa. Mtu aliyefunga mbili mpya mbele na mbili kuukuu nyuma ndiye aliyeua difu hiyo.

Kisha panda. Mbeya tumia barabara ya Chunya, Iringa tumia kipande cha Ipogolo hadi mjini, ukirudia mara mbili au tatu. Kanyaga kwa nguvu kwenye gia ya tatu na uangalie geji ya joto. Ikipanda kisha ikashuka ukiachia, rejeta imeziba au feni haifanyi kazi. Klachi ipime hapohapo: mzunguko wa injini ukipaa bila gari kuongeza mwendo, inateleza.

Kushuka ndiko kunakopima breki. Baada ya mteremko mrefu, pedali ikiwa laini kama sponji ni hydroliki (mafuta ya breki) ya zamani iliyochemka. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 na DOT 4 kwenye 230, lakini zikishanyonya unyevu zinashuka hadi 140 na 155. Usukani ukitetemeka unapokanyaga, diski zimepinda. Chungulia shokapu na springi. Springi zilizokatwa zitakuumiza kwenye kila tuta kati ya Uyole na Makambako.

Magari yenye sura ya zamani

Hapa swali ni nani atakupa spea. Toyota FJ Cruiser ndiyo salama kuliko zote: injini yake ya 1GR-FE ya lita 4.0 imo pia kwenye Prado za petroli za lita 4.0, na fundi wa Prado yuko kila mji. Inakula mafuta, basi.

Suzuki Lapin inavutia kwa macho, ila ya 660 cc isiyo na turbo ina farasi 54 ikiwa pwani. Pakia watu wanne upande nayo Mlima Nyoka, utaijua gia ya kwanza vizuri. Tafuta ya turbo. Mitsuoka Viewt chini yake ni Nissan March, kwa hiyo injini na breki hazisumbui. Taa na bampa za mbele ndizo usizozipata, na ajali ndogo tu inaweza kuliegesha gari mwaka mzima. Nissan Figaro ilitengenezwa kwa modeli ya 1991, magari 20,000 tu. Angalia kutu chini ya zulia kabla ya kupenda rangi.

MINI ya 2001 hadi 2006 inunuliwe yenye gia za mkono, maana otomatiki ya CVT ya Cooper ya miaka hiyo hufa na haina fundi huku. Cooper S iliyofuata, ya turbo, hulia mnyororo wa taimingi asubuhi. Ukisikia mchakacho wa sekunde chache injini ikiwa ya baridi, ondoka.

Karatasi

Tuko kwenye njia ya mipaka ya Tunduma na Kasumulu, magari ya IT (yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani) yanapita kila siku kwenda Zambia, Malawi na Kongo. Gari la IT "lililobaki njiani" kwa bei ya kutupwa halijalipiwa ushuru, na TRA ikilikamata linaondoka na hela yako. Taka kadi halisi, linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho, angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki, andikisheni mkataba kwa wakili, kisha ubadilishe umiliki TRA. Herufi D au E kwenye namba ya usajili inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Kama unafikiria kuagiza Japani, kumbuka gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 unapanda tena, kwa hiyo mengi ya haya ni nafuu kuyapata yakiwa tayari nchini.

Ukishalinunua, wiki ya kwanza badilisha oili na filta (EJ20 inachukua lita 4 hadi 4.5), hydroliki ya breki, kulanti na plagi. Subaru zenye EJ20, Altezza na Mark II zenye 1JZ zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Bila ushahidi wa tarehe, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, na ubadilishe pamoja na rola, kikazio na pampu ya maji. Kwenye EJ20, rola ikikwama mkanda unakatika, na mkanda ukikatika valvu zinapinda.