Mitishamba ya dipresheni: kabla hujashuka soko la Marikiti soma hii

Hii ni ya yule ambaye dipresheni yake ni nyepesi ama ya wastani, yani unaamka, kazini unafika, lakini raha hakuna, usingizi umevurugika na hata pilau ya harusi haina ladha. Kama mawazo ya kujitoa uhai yanakujia, achana na mitishamba, nenda hospitali ya Coast General, Mombasa, leo leo na mtu akusindikize.

Kwanza toa dawa zote unazomeza uziweke mezani, hata za kupanga uzazi. Sababu ni ile St. John's wort, mtishamba wa dipresheni inouzwa kwa kemist, inafanya ini livunje dawa zingine haraka, sasa ARV (dawa za HIV) zinapungua nguvu, warfarin (ya kuzuia damu kuganda) inapungua, na wewe wa vidonge ama kijiti unaweza kushtukia mimba. Ukichanganya na vidonge vya dipresheni vya daktari ndo balaa zaidi, serotonini, kemikali ya ubongo, inapanda kupita kiasi, unatetemeka, jasho, moyo mbio, na inaweza kuua. Usijaribu.

Kama humezi chochote, dozi ya St. John's wort ilotumika kwenye tafiti nyingi ni miligramu 300 mara tatu kwa siku, na kwa dipresheni ya kiwango hiki imeonekana kusaidia karibu sawa na vidonge vya hospitali. Ila ngozi inaungua na jua haraka, na jua letu mnalijua.

Mimi ningeanza na zaafarani. Tafiti zilitumia miligramu 30 kwa siku kwa wiki 6 mpaka 8, kwa hiyo gramu moja ni ya mwezi mzima, usiogope bei. Tatizo ni feki, zimejaa. Omba nyuzi mbili tatu, tia kwa maji ya vuguvugu: ya kweli inatoa rangi ya manjano polepole na uzi unabaki mwekundu, ya rangi ya kupaka inamwaga wekundu papo hapo na uzi unapauka. Iloweke, unywe na maziwa. Mjamzito asiguse dozi hii bila daktari.

Habasoda mtaambiwa inatibu kila kitu, kwa dipresheni ushahidi ni mdogo. Na muguka jamani, yale majani ya kutafuna, ile stimu ikishuka unabaki chini kuliko ulivyoanza, na usingizi umekwenda.

Subiri wiki 4 mpaka 6. Ukiona bado, nenda kliniki, na ubebe kopo lenyewe daktari alione.