Kuishi na Crown Kisiwani: Hesabu Miezi, Usihesabu Kilomita

Toyota Crown yangu nyeupe inaingia mwaka wa sita mikononi mwangu, hapa Unguja. Kila asubuhi naitoa Bububu, naipeleka Darajani nilipo na duka la khanga, naipumzisha mpaka alasiri, kisha tunarudi. Kwenda ni kama kilomita 10, na kurudi ni hizo hizo. Lakini mwaka wa pili fundi aliinua gari, akaniita: "Bi mkubwa, njoo utazame." Boliti za chini zilikuwa nyekundu kwa kutu, utadhani zimeokotwa pwani. Gari lilikuwa halijasafiri popote. Hewa ya bahari ndiyo iliyokuwa ikilifuata pale pale lilipo.

Tangu siku ile nahesabu miezi. Oili ya injini naibadilisha kila baada ya miezi minne, hata kama kilomita zilizoandikwa kwenye kikaratasi cha gereji hazijafika. Safari zetu ni fupi mno. Injini haijapata moto wa kutosha, umeshafika na kuizima, na ule unyevu unabaki ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, ukilila kutoka ndani. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nalipeleka gari Mkokotoni kwa mama, bila kusimama njiani. Mama anafurahi, injini inachemka sawasawa, betri inajaa. Ukiwa huna mama Mkokotoni, nenda Nungwi au Makunduchi, lakini nenda.

Kama hujanunua bado, anzia kwenye karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandikwa hali ya gari lilipokaguliwa huko mnadani. Mwambie wakala akuletee karatasi yenyewe, asikusimulie tu. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni pahala palipogongwa pakanyooshwa, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Ukiona R kwenye daraja la ubora, gari limewahi kugongwa likatengenezwa. Mkwaruzo mimi nausamehe. S na C siziruhusu, maana kutu ikishuka bandarini Malindi, hapa mjini Unguja, inakuta chakula tele. Tazama na namba ya modeli. Kwa Crown za kizazi kilichotoka mwisho wa 2003, GRS180 ni ya lita 2.5, GRS182 ni ya lita 3.0, na GRS181 inavuta tairi zote nne. Hii ya tairi nne wengi waliinunua kwenye mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, basi iinamie uitazame chini kwa tochi kabla hujatoa hela.

Jumamosi asubuhi ni siku ya kuosha, na kuosha kwenyewe kunaanzia chini. Piga maji baridi, yasiyo ya chumvi, ndani ya matao yaliyo juu ya tairi, kwenye springi, kwenye bomba za breki na vining'inio vya bomba la moshi. Bodi ni ya mwisho. Wengi hufanya kinyume: bodi inang'aa, chini kunaliwa. Halafu kausha papo hapo kwa kitambaa laini. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya chokaa, na yakikaukia juani yanaacha madoa meupe kwenye rangi na vioo ambayo sabuni haiyatoi.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyoniulia rediata. Niliacha gari gereji nikaenda kuswali, kijana akaona maji yamepungua, akachota kisimani akajaza. Alikusudia wema, wala sikumgombeza. Miezi michache baadaye mshale wa joto ukaanza kupanda kwenye foleni. Fundi alipofungua, yakatoka magamba meupe kama ya sufuria ya kuchemshia maji. Ilibidi rediata nzima ibadilishwe. Sasa kwenye buti nina galoni la kulanti ya waridi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, iliyokwisha changanywa, na kila ninapoacha gari namwambia fundi kwa mdomo wangu: rediata usiiguse bila ya kuniuliza. Ukikwama kabisa, maji safi ya mvua yaliyokingwa ni afadhali mara mia kuliko ya kisima. Na kifuniko usikifungue injini ikiwa ya moto, hata uwe na haraka gani.

Kiyoyozi kina adabu yake. Dakika tano kabla ya kufika nyumbani zima ubaridi, acha feni ipulize, ili ndani pakauke. Usipofanya hivyo, masika yakija gari litanuka kama kanzu iliyokunjwa mbichi. Filta yake iko nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria, na unaweza kuitoa mwenyewe bila ya spana. Kondensa ya kiyoyozi, iliyo mbele ya rediata, ioshe kwa maji ya polepole. Mashine ya presha inalaza yale mapezi membamba, na yakishalala hewa haipiti.

Kivuli nacho kina hatari yake. Chini ya mnazi usiegeshe, hilo halihitaji maelezo. Chini ya muembe, utomvu unadondoka na kuganda kwenye rangi. Kunguru nao, kinyesi chao kikipigwa na jua la saa sita kinaacha alama siku hiyo hiyo, basi chukua kitambaa kibichi ukilainishe kabla ya kufuta. Turubai la nailoni siliafiki kabisa, linafungia unyevu ndani na kusugua mchanga juu ya rangi. Banda la makuti lililo wazi pande zote linashinda yote.

Redio ya FM ya magari ya Japani ya miaka hiyo inaishia masafa ya 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Fundi wa umeme atakufungia kigeuza masafa. Mwambie pia akitoe kile kifaa cha kulipia barabara za Japani, ndicho kinachosema kila unapowasha kwamba kadi haijaingizwa. Mama yangu alidhani anasalimiwa, akawa anaitikia.

Ukiwa na gari jeupe la saluni Unguja, utaombwa arusi. Mimi sijawahi kukataa, na sitaki ukatae, lakini weka masharti mapema. Riboni zifungwe kwa vitambaa kwenye vitasa na vioo, tepu isiguse bodi. Arusi ya mtoto wa dada yangu walibandika maua kwenye boneti kwa tepu, na jua likaipika gundi. Niliitoa kwa mafuta ya nazi, nikipaka na kungoja, kisha maji ya sabuni, asubuhi nzima. Na kwenye msafara wa kwenda polepole, dereva ashikwe ahadi ya kutazama mshale wa joto, si video.

Gari hili liko chini. Matuta ya Jozani, yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, yapande kwa mwendo wa kutembea, na usiweke rimu kubwa kwa ajili ya sura. Rimu kubwa ina tairi la ubavu mfupi, na jiwe la matumbawe linapasua ubavu wa tairi kama wembe. Maji ya masika yakifika nusu ya tairi, geuza. Likikuzimikia ndani ya maji, usipige stata tena. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, kitakachopinda ni chuma. Lisukumeni nje, na plagi zitolewe kabla ya kupiga stata tena.

Na ukivuka na meli kwenda Pemba, gari limekaa kwenye hewa ya chumvi usiku mzima. Ukishuka Mkoani tafuta maji baridi, lioshe chini, ndipo uende kwa wenyeji wako.