Jinsi ya kulishika neno "bean" la Kiayalandi bila kuchanganyikiwa

Wengi hukutana nalo kwanza kwenye mlango wa choo cha baa huko Ayalandi, mlango mmoja MNÁ mwingine FIR, mgeni akiona M anadhani ni "men" ya Kiingereza, hapa ni kwa wanaume, anajitosa, kumbe Mná ni wanawake na Fir ndo wanaume. Hiyo mná ni wingi wa bean, yaani mwanamke, au mke.

Anza na umoja. Bean hutamkwa kama "byan", na kwa kuwa ni nomino ya kike, ukiitanguliza na "an" (kama "the" ya Kiingereza) ile b inalainika, unaandika an bhean na unasema "an van". Sisi tuliozoea mke/wake, neno kubadilika kichwani wala halitutishi.

Wingi ni "na mná" (hiyo "na" ni ya Kiayalandi, ndiyo "an" ikiwa kwenye wingi, na utaiona tena kwenye umilikishi). Mikoa ya Ayalandi hutofautiana: Munster utasikia "mnaa", Connacht na Ulster ile n inageuka r inakuwa "mraa", zote sawa, we chagua eneo moja ushike hilo hilo.

Sasa shughuli iko kwenye umilikishi. Jina la yule mwanamke ni ainm na mná, ndio, na mná ileile ya wingi! Cheki kilichotangulia: ikifuata nomino nyingine moja kwa moja, mara nyingi ni "ya yule mwanamke". Ya wanawake wengi inakuwa na mban, m inaimeza b kwahiyo unatamka "na man". Hapo kariri Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa 1914, wakawemo kwenye mapambano ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza, ukiwa na jina hilo kichwani form hii haikupotei.

Kwa nini b na m zinapishana? Kiayalandi cha kale kilikuwa na ben, na umilikishi wake mná, maana zamani zaidi b ilipogusana na n iligeuka m. Mzizi wenyewe ni mmoja na gyne ya Kigiriki na queen ya Kiingereza.

Ukishazoea hapo ingia kwenye maneno ya kuunganisha: bean an tí ni mama mwenye nyumba, bean rialta ni mtawa, bean ghlúine ni mkunga (glúin ni goti, napenda sana hili), na bean sí ni yule mzuka wa kike anayelia mtu akikaribia kufa. Kwenye wingi kwa kawaida geuza bean tu: mná sí, mná rialta, ila bean ghlúine inakuwa mná glúine, ile h inaondoka.